Kufunga Kiungo cha Tela Katika Motokaa Ndogo ya Mkulima

Wakulima wengi siku hizi wana motokaa ndogo zilizoinuka, kama vile Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Subaru Forester, ambazo huletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika. Motokaa hizi hupita vema katika njia za vijijini na huchukua watu wa nyumbani, lakini nafasi ya mizigo ni haba. Mwenye magunia kumi ya mahindi hana budi kwenda sokoni mara nyingi, au kukodi lori, na faida yake huliwa na nauli. Kwa sababu hiyo wengi hutamani kuvuta tela dogo.

Nyingi za motokaa hizo hazitoki kiwandani zikiwa na kiungo cha kuvutia tela. Kiungo hununuliwa mbali na kufungwa baadaye. Karatasi hii yaeleza kazi hiyo, ili mkulima anayempa fundi kazi ajue la kudai, na mwenye zana zake ajue la kutenda na la kuacha.

1. KIUNGO HAKIONGEZI NGUVU YA MOTOKAA

Neno hili yafaa lishikwe kuliko mengine yote. Nira mpya, hata ikiwa ya mti mgumu, haimwongezei maksai nguvu. Humwezesha kuvuta kile tu anachokiweza. Ndivyo kilivyo kiungo cha chuma.

Tuchukue mfano. Viungo vingi vinavyotengenezwa Marekani kwa motokaa za namna hii hupigwa chapa ya paundi 3,500, yaani kilo 1,588 hivi. Mtu aisomapo chapa hiyo hudhani kwamba motokaa yake sasa yaweza kuvuta uzito huo. Sivyo, chapa ile ni ya chuma chenyewe. Toyota RAV4 za mwaka 2013 hadi 2017 zilizouzwa Marekani ziliruhusiwa na watengenezaji wake kuvuta paundi 1,500 tu, yaani kilo 680. Mwaka 2018 ilipotolewa aina iitwayo Adventure yenye ruhusa ya paundi 3,500, iliongezewa vipozaji vya mafuta ya injini na ya giaboksi. Basi ni dhahiri kwamba chuma cha nyuma si kitu pekee kinachopima uwezo wa kuvuta. Mtambo nao lazima ustahimili joto la kazi hiyo.

Kwa hiyo tafuta vipimo vinne: ruhusa ya motokaa, iliyoandikwa katika kitabu chake, chapa ya kiungo, chapa ya tufe la chuma, na uzito ulioruhusiwa kwa tela. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho sheria yako. Kama kitabu cha motokaa chasema isivute tela, usivute, hata fundi akisema yawezekana.

Tena kumbuka kwamba uzito unaoruhusiwa ni wa tela pamoja na shehena yake. Ikiwa ruhusa ni kilo 680, na tela tupu lina kilo 230, zimebaki kilo 450. Hizo ni gunia 5 za mahindi za kilo 90, wala si gunia 7.

Jambo jingine ni breki. Motokaa ya kilo 1,600 ikivuta tela la kilo 680 lisilo na breki, breki zake zitapaswa kuzuia kilo 2,280. Ndiyo sababu katika nchi za Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kupita kilo 750, na motokaa nyingi ndogo ruhusa yake ni pungufu ya hapo.

2. KUCHAGUA KIUNGO NA TUFE

Nunua kiungo kilichotengenezwa kwa aina ya motokaa yako na mwaka wake. Motokaa hizi hazina fremu ya chini kama lori; bodi na mihimili yake ni kitu kimoja. Chini ya sakafu ya nyuma mna mihimili miwili yenye uwazi ndani, mmoja kushoto na mmoja kulia. Hapo ndipo penye nguvu, na kiungo cha haki hushikana na mihimili hiyo kwa bolti kadhaa kila upande.

Haifai kabisa kufunga kiungo kwenye bampa, au kwenye bati la sakafu, au kuvuta tela kwa kitanzi cha kukokotea motokaa iliyoharibika. Wala haifai kuunganisha chuma kwa kuchomelea chini ya motokaa. Moto wa kuchomelea huunguza rangi izuiayo kutu, tena hulegeza chuma chembamba ambacho kilipewa ugumu wake kiwandani. Kwa macho kazi itaonekana imara, na ufa utaanza pembeni mwa mshono, mahali pasipoonekana.

Tufe nalo lilingane na kikombe cha tela. Kipimo kilichoenea sana ni milimita 50, lakini yako matufe ya Kimarekani ya milimita 47.6, na mengine ya milimita 50.8 na 58.7. Tufe la milimita 47.6 chini ya kikombe cha milimita 50 litaonekana limeingia vema, kisha litachomoka kwenye shimo la kwanza la barabara. Soma chapa juu ya tufe na juu ya kikombe kabla ya kununua.

3. MATAYARISHO

Fanya kazi mahali tambarare na pagumu. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki, kisha ishushe motokaa juu ya stendi za chuma zenye nguvu. Mtu asilale kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemeza.

Fungua furushi la kiungo, uhesabu bolti na nati zote kwa karatasi iliyokuja nazo. Kichwa cha bolti nzuri kina tarakimu, kama 8.8 au 10.9, ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Ikipotea moja, usitie bolti ya dukani isiyo na tarakimu. Tafuta ya daraja ile ile.

Motokaa nyingi zina nati zilizokwisha chomelewa ndani ya mihimili tangu kiwandani. Hizi huwa na kutu na udongo. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, uzisugue kwa brashi ya waya, kisha uyafute mafuta yote. Bolti yenye mafuta hukazika kupita kiasi kwa kipimo kile kile cha spana.

4. KUFUNGA KIUNGO

Kwanza, shusha bomba la moshi la nyuma ikiwa lazuia. Bomba hili hushikwa na mipira. Ipake maji ya sabuni, nayo itateleza na kutoka. Litegemeze bomba kwa gogo, lisining'inie kwa uzito wake. Kama bati la kuzuia joto lafunika matundu, kata sehemu ndogo tu, usiliondoe lote.

Pili, ikiwa mhimili hauna nati ndani, bolti hupitishwa kwa waya. Ingiza waya mgumu katika tundu la kufungia hata utokee kwenye tundu kubwa la mhimili. Zungushia ncha yake kwenye bolti, tia na kipande cha bamba kilichokuja na kiungo, kisha uvute bolti kupitia ndani mpaka ichomoze mahali pake. Bamba hilo husambaza nguvu ili kichwa cha bolti kisitoboe chuma chembamba. Likiachwa, kazi haifai.

Tatu, inueni kiungo watu wawili, au mmoja na jeki. Tia bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ukianza kwa kukaza upande mmoja, matundu ya upande wa pili hayatalingana, na mtu hushawishika kuyapanua kwa keekee. Usiyapanue.

Nne, kaza kidogo kidogo, kushoto na kulia kwa zamu, kisha maliza kwa spana ya kipimo. Karatasi ya kiungo hutaja kipimo chake kwa Newton-mita. Maana yake si ngumu: Newton-mita 80 ni sawa na uzito wa kilo 8 hivi ulioning'inizwa kwenye mpini wenye urefu wa mita 1. Bolti iliyolegea hukatika, na iliyokazwa kwa nguvu zote za mtu shupavu hukatika pia. Kwa hiyo kama huna spana hiyo, iazime.

Tano, paka rangi ya kuzuia kutu mahali popote palipokwaruzwa au palipotobolewa, kisha rudisha bomba la moshi na mipira yake.

5. TAA

Tela lisilo na taa huwaua watu usiku. Toa kwanza waya hasi wa betri. Katika motokaa za siku hizi, ambazo taa zake huongozwa na kompyuta, usikate waya za taa na kuzifunga moja kwa moja na za tela, kwa kuwa mzigo huo waweza kuiunguza. Tumia kisanduku cha kugawia umeme, chenye waya wake kutoka betri na fyuzi yake.

Soketi ya matundu 7 ya namna ya Ulaya hupangwa hivi: tundu la 1, waya wa njano, ishara ya kushoto, la 2, buluu, taa ya ukungu, la 3, mweupe, waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, la 4, kijani, ishara ya kulia, la 5, kahawia, taa ya nyuma ya kulia, la 6, mwekundu, taa za breki, la 7, mweusi, taa ya nyuma ya kushoto. Lakini usiamini rangi peke yake, maana fundi wa kwanza huenda alitumia waya aliokuwa nao. Mtu mmoja akae ndani akikanyaga breki na kuwasha ishara, wa pili asimame nyuma akitazama. Taa zikififia zote pamoja, mara nyingi kosa ni la waya mweupe ulioshikana na rangi au kutu badala ya chuma safi.

6. KUUNGANISHA NA KUPAKIA

Shusha kikombe juu ya tufe, ufunge komeo lake na kutia pini. Kisha inua pua ya tela kwa jeki: nyuma ya motokaa ikiinuka nayo, vimeshikana, kikombe kikiachana na tufe, anza tena. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya pua kwa kukingamana, ili pua ikianguka idakwe kabla ya kugusa barabara.

Pakia shehena nzito chini, na kubwa yake mbele kidogo ya ekseli. Yafaa pua ibonyeze tufe kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wote, wala isipite kiasi kilichotajwa katika kitabu cha motokaa. Kwa tela la kilo 680, ni kilo 68. Pima kwa mizani ya mazao: weka kipande cha mti juu ya mizani, kifike kimo cha tufe, ulaze pua juu yake. Pua ikiwa nyepesi mno, tela litayumba kama mkia na kuivuta motokaa nje ya njia. Ikiwa nzito mno, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko na usukani huwa mwepesi. Hamisha gunia moja mbele au nyuma, upime tena.

7. NJIANI NA BAADA YAKE

Enda polepole kuliko desturi, na uache nafasi maradufu mbele yako. Kabla ya kuteremka mlima tia gia ndogo, maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata joto na kupoteza nguvu. Tela likianza kuyumba, usiongeze mwendo ukidhani litanyoka, wala usigeuze usukani kwa ghafula. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara, uache mwendo upungue.

Baada ya safari ya kwanza yenye shehena, kaza bolti zote tena kwa spana ya kipimo, kwa sababu rangi na kutu kati ya vyuma husagika na bolti hulegea. Zitazame tena kila msimu wa mavuno, pamoja na tufe, minyororo, na tairi za tela. Ukiona ufa au mstari wa kutu mpya pembeni mwa bolti, usipakie hata gunia moja mpaka fundi ameona.

Safari mbili za gunia tano hugharimu mafuta ya petroli zaidi kuliko safari moja ya gunia kumi. Walakini gharama hiyo hujulikana na huhesabika kabla ya kuondoka nyumbani. Gharama ya tela lililochomoka mteremkoni haihesabiki, na mara nyingi hulipwa na mtu mwingine aliyekuwa akipita kwa miguu.