Dawa ya akili inapotibu maumivu ya kichwa

Tuseme umeteswa na maumivu ya kichwa kwa miezi mitatu. Hatimaye daktari anakuandikia dawa. Unafika kwenye duka la dawa, mhudumu anaitazama karatasi, anakutazama wewe, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Hii ni ya nani?" Ukifika nyumbani jirani anakueleza kwamba dawa hiyo, litiamu, ndiyo wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa Mathari. Je, ungefanya nini?

Wengi huificha kabatini na kunyamaza. Wengine huitupa chooni, wakiamini kwamba daktari amewaona wendawazimu ila ameona haya kuwaambia. Wote hao hurudi kwenye maumivu yale yale, na maumivu yenyewe si ya mchezo. Ndiyo sababu leo nataka tuizungumzie dawa hii waziwazi.

MAUMIVU YA KLASTA

Maumivu ya kichwa yana aina nyingi. Yale ya uchovu na wasiwasi hukibana kichwa kizima kama kilemba kilichokazwa. Kipandauso mara nyingi hupiga upande mmoja, huleta kichefuchefu, na mgonjwa hutaka kulala katika chumba chenye giza na utulivu.

Aina ninayoizungumzia leo ni tofauti. Huitwa klasta, yaani kishada, kwa kuwa mashambulizi yake huja kwa makundi. Maumivu huanza ghafla ndani au nyuma ya jicho moja, au kwenye panja la upande huo, kana kwamba mtu anachomwa na msumari wa moto. Shambulio moja huchukua dakika 15 hadi saa 3, na linaweza kurudi hadi mara 8 kwa siku. Jicho la upande huo huwa jekundu na kutoa machozi, pua huziba au kutiririka makamasi, na kope hulegea.

Dalili nyingine kubwa ni kwamba mgonjwa hawezi kutulia. Hutembea huku na huko, huketi na kuinuka, na wengine hugonga kichwa ukutani. Mara nyingi hayo hutokea usiku, saa ile ile, utadhani maumivu yana saa ya kengele. Hali hii huendelea kwa wiki au miezi, kisha hutoweka, na huenda ikarudi mwaka unaofuata. Kwa wagonjwa wachache mapumziko hayafiki hata miezi 3 kwa mwaka. Hiyo ndiyo klasta sugu.

Ugonjwa huu humpata mtu 1 hivi kati ya 1,000. Huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na kwa kawaida huanza mtu akiwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Kwa kuwa ni nadra, wengi huzungushwa kwa miaka kabla haujatambuliwa. Wapo wanaong'olewa meno mazima, wanaonunuliwa miwani wasiyoihitaji, na wanaotibiwa mafua yasiyokwisha.

LITIAMU ILITOKA WAPI?

Litiamu ni madini, ndugu ya sodiamu iliyomo katika chumvi tunayokula. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika kwamba inawatuliza wagonjwa wa akili waliochangamka kupita kiasi. Tangu wakati huo imewasaidia watu wengi ambao hali yao hupanda kwa msisimko na kushuka kwa huzuni.

Mwaka 1974 daktari wa Sweden, Karl Ekbom, akaripoti kwamba iliwasaidia pia wagonjwa wa klasta. Wagonjwa hao hawakuwa wamerukwa na akili. Waliugua kichwa.

Inafanyaje kazi? Maelezo kamili bado hayajapatikana, lakini iko ishara moja muhimu. Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu ndogo inayoongoza saa ya mwili: usingizi, joto, njaa na homoni. Mwaka 1998 watafiti jijini London waliupiga picha ubongo wa wagonjwa wakati wa shambulio, wakaona sehemu hiyo imeamka na kufanya kazi. Hilo linaelekea kueleza kwa nini maumivu hufuata saa na majira, na pengine ndipo litiamu inapogusa.

Tena si ajabu dawa moja kutibu maradhi mawili. Propranololi hupewa wenye shinikizo la damu, na hupewa pia wenye kipandauso. Amitriptilini ilianza kama dawa ya huzuni kubwa, lakini kwa kipimo kidogo cha usiku huzuia kipandauso. (Kwa klasta haijathibitishwa kufaa, kwa hivyo usimwazime rafiki tembe zako.) Dawa ya kwanza ya kuzuia klasta yenyewe, verapamili, ni dawa ya moyo. Sijamsikia mtu akiitupa kwa kuogopa kuitwa mgonjwa wa moyo. Basi kwa nini tuionee haya litiamu?

NI NANI ANAYEFAA KUPEWA?

Litiamu si dawa ya kwanza, wala si ya kila mtu. Kwa kawaida daktari huanza na verapamili, akipima umeme wa moyo kabla ya kuongeza kipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulilinganisha dawa hizo mbili kwa wenye klasta sugu. Zote zilisaidia, lakini verapamili ilifanya kazi mapema zaidi na kuleta madhara machache. Utafiti mwingine wa mwaka 1997, kwa wagonjwa ambao klasta yao huja na kuondoka, haukuonyesha kwamba litiamu iliishinda dawa bandia. Kwa hivyo litiamu inawafaa hasa wenye klasta sugu ambao verapamili imewashinda au hairuhusiwi kwao.

USIMEZE BILA KUPIMWA DAMU

Hapa msomaji nakuomba uwe makini. Tofauti kati ya litiamu inayotibu na litiamu inayodhuru ni ndogo sana. Kabla ya kuanza ni lazima figo zako na tezi ya shingo zipimwe. Baada ya kuanza, damu hupimwa kila wiki hadi kiasi kitulie, kisha kila miezi 3 hivi. Damu hiyo hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kiasi kikipita milimoli 1.5 kwa lita moja ya damu, hatari imeingia.

Dalili za hatari ni hizi: mikono kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito na akili kuchanganyikiwa. Ukiziona, usimeze dozi nyingine. Nenda hospitali mara moja.

Yako mambo yanayopandisha litiamu mwilini bila wewe kujua. La kwanza ni dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu hununua dukani kama peremende. La pili ni baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zikiwemo zile za kukojoza na zile za jamii ya enalaprili. La tatu ni kupungukiwa na maji au chumvi, kwa kuharisha, kwa kutoka jasho jingi au kwa kuacha chumvi ghafla. Ukitaka kufunga Ramadhani, zungumza na daktari wako mapema. Mwanamke mjamzito au anayetarajia kupata mimba naye amweleze daktari kabla ya kuanza.

SHAMBULIO LINAPOKUJA

Litiamu ni dawa ya kuzuia. Haizimi maumivu yaliyokwisha kuanza, kwa hivyo usiongeze tembe usiku ukidhani utapona haraka. Panadol nayo haisaidii. Shambulio huwa karibu kwisha kabla haijaanza kufanya kazi.

Kinachosaidia ni kuvuta oksijeni safi kwa barakoa inayoziba vizuri, lita 12 au zaidi kwa dakika, kwa dakika 15 hadi 20. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, oksijeni iliondoa au karibu kuondoa maumivu katika mashambulizi 78 kati ya kila 100, ilhali hewa ya kawaida ilifanya hivyo katika 20 tu. Ukiwa na mtungi nyumbani, usiuweke karibu na jiko, mshumaa wala sigara. Ipo pia sindano ya sumatriptani, lakini haimfai mwenye ugonjwa wa moyo.

Wakati wa msimu wa mashambulizi, epuka pombe kabisa. Hata bia moja yaweza kuamsha maumivu.

LA KUFANYA

Andika katika daftari saa ambayo kila shambulio lilianza na kwisha, upande ulioumwa, na kama jicho lilitoa machozi. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno mengi. Lakini maumivu makali ya mara ya kwanza maishani, au yanayoandamana na homa na shingo kukakamaa, kiungo kulegea au kuumia kichwani, usiyaandike tu. Kimbilia hospitali.

Maumivu haya huwafanya wengine wakate tamaa ya kuishi. Kama mawazo hayo yamekujia, mwambie mtu wa karibu nawe na umwambie daktari leo, usingoje kesho.

Na ukiandikiwa litiamu, muulize daktari maswali matatu: Kwa nini umenichagulia hii? Damu yangu itapimwa lini na wapi? Nisichanganye na dawa gani? Majibu yakikuridhisha, imeze bila haya, na uwaeleze jamaa zako inatibu nini.