Si Kila Kinini ni Dawa Yako

Ndugu mfanyakazi,

Umetoka kazi ya usiku. Mwili unatetemeka, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Njiani unapita sokoni kwa muuza dawa mwenye meza yake juani. Unamwambia: "Nipe kinini." Anakufungia vidonge vinne ndani ya karatasi. Unalipa, unameza, unalala. Kesho yake homa imeshuka kidogo, unarudi kazini na kusema umepona. Lakini je, unajua ulichomeza?

Hapa kwetu kila kidonge tunakiita kinini. Kinini cha kweli ni dawa moja tu, dawa ya malaria. Vidonge vingine vina kazi nyingine: hiki kinatuliza maumivu, kile kinaua vijidudu, kingine kinaleta usingizi. Vinaweza kufanana rangi na ukubwa, lakini ndani ya mwili havifanyi kazi moja.

Usiseme ni maneno ya kutishana. Katika nchi yetu hii, huko Ituri, kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, watu zaidi ya 1000 walilazwa hospitalini. Shingo zao zilipinda, misuli ya uso na ulimi ilikakamaa. Mwanzoni wanganga walidhani ni meninjiti. Walipochunguza, waliona kwamba wagonjwa walimeza vidonge vya manjano vilivyoandikwa diazepamu. Laboratwari ikaonyesha kwamba ndani yake kulikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Watu 11 waliripotiwa kufa. Kwa macho tu, nani angejua?

Basi fuata mambo haya, wewe na mama wa nyumbani kwako.

1. Pima kwanza, meza baadaye. Si kila homa ni malaria. Inaweza kuwa tifoidi, ugonjwa wa mapafu au kitu kingine. Kwa kutoboa kidole tu, infirmie anajua kama ni malaria kwa muda mfupi. Wala usitafute Nivaquine kama zamani: vijidudu vya malaria viliizoea, na nchi yetu iliiacha mwaka 2001.

2. Maliza dawa yote. Ukipewa artemeta na lumefantrini ya vidonge 24 kwa mtu mzima, unameza 4 mara moja, 4 tena baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Zimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ili ziingie vema mwilini. Homa inaweza kuisha siku ya pili, lakini vijidudu bado vimo. Anayeacha nusu ili aziweke kwa siku nyingine amejidanganya mara mbili: leo hakupona, na kesho hatakuwa na dozi kamili.

3. Hesabu paracetamoli. Kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge vya miligramu 500 visipite 8 kwa saa 24, na usimeze zaidi ya 2 kwa mara moja. Ngoja angalau saa 4 kabla ya kurudia. Angalia vizuri, dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamoli ndani. Ukizichanganya bila kujua, unaharibu ini, na ini halilii mapema. Mwenye kunywa pombe nyingi amwulize munganga kwanza.

4. Mwambie munganga kazi yako. Dawa kadhaa za mafua, za kujikuna na za kutuliza zinaleta usingizi. Klorfeniramini, prometazini na diazepamu ni kati yake. Kwa mtu aliyelala nyumbani si neno. Kwa wewe unayeendesha kamioni, unayepanda ngazi au unayeshika mashini ya kuinua mizigo, kusinzia kidogo kunaweza kuua, na si wewe peke yako. Ukipewa dawa ya namna hiyo, mwambie shefu wako kabla ya kuanza kazi. Si aibu. Na usiichanganye na pombe.

5. Usimpe mwingine dawa yako. Dawa iliyomponya jirani inaweza kumdhuru mtoto wako. Mtoto hupewa dawa kwa kilo zake, si kwa kukadiria nusu ya kidonge cha baba. Mama mwenye mimba asimeze kitu bila kuuliza.

6. Tunza paketi. Nunua dawa farmasi, ndani ya paketi yake, na usome tarehe ya mwisho. Weka juu, mbali na watoto, mahali pasipo jua wala maji. Ukiona mwili unabadilika baada ya kumeza, ipeleke paketi hiyo kwa munganga. Yeye atajua pa kuanzia.

Kuna dalili ambazo hazingoji kesho: degedege, kupoteza akili, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, shingo ngumu, mkojo mweusi, macho ya manjano. Vilevile uso au ulimi unaovimba baada ya kumeza dawa. Ukiziona, usitafute meza ya sokoni. Nenda lopitalo saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Ndugu, hauwashi mashini usiyoijua kabla ya kumwuliza anayeijua. Mwili wako nao ni hivyo hivyo. Kabla ya kumeza uliza maneno manne: Ni dawa gani? Ya ugonjwa gani? Ngapi kwa siku? Kwa siku ngapi? Asiyeweza kukujibu, usimnunulie.