Ngamia Mgonjwa na Bei ya Dawa

Mfugaji wa Isiolo aambiwapo na tabibu wa wanyama kwamba ngamia wake ana surra, maradhi ya damu yaenezwayo na nzi wanaouma, na kwamba hana budi kununua dawa ya thamani kubwa, ana haki ya kutaka ushahidi kabla ya kufungua mkoba. Ushahidi wenyewe si muhali: tone la damu la mshipa wa sikio, likitandazwa juu ya kioo na kutazamwa kwa darubini, huweza kumdhihirisha kimelea, ingawa kutoonekana kwake si hoja ya kwamba hayupo. Wala dawa rahisi si unafuu daima, kwani diminazini, itumiwayo sana kwa ng'ombe, yaweza kumdhuru ngamia.

Aulize pia cheti. Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya huwasajili madaktari na wasaidizi wao kwa mujibu wa sheria ya 2011, na tabibu mwaminifu, nadhani, haoni kero kuulizwa. Mwisho, alinganishe gharama ya tiba na thamani ya mnyama. Hesabu ya paka wa nyumbani ni ya mapenzi, haina mizani. Ya ngamia wa maziwa hupimwa kwa bei ya sokoni.