Mradi ukiondoka kinabaki nini? Misaada ya nje na biashara za watu wa Pemba



 

Tunaulizwa mara kwa mara, hasa na akinamama wa Wete na Micheweni, juu ya miradi inayokuja na fedha za kigeni. Je, inafaa kuipokea? Na hivi vikundi vya kuweka na kukopa vilivyokuja na miradi hiyo, hukumu yake nini? Tuanze na la mwanzo.

Kupokea msaada wa asiyekuwa Muislamu katika jambo la halali hakuna ubaya, maadamu haukuja na sharti la kuharibu dini au heshima. Mtume (s.a.w.) alipokea zawadi ya Muqawqis, mtawala wa Misri, na katika safari ya Hijra aliyemkodi kuongoza njia hakuwa Muislamu. La kuangaliwa zaidi ni kazi inayofanywa na fedha ile ikishafika.

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Anas kisa cha mtu wa Ansari aliyekwenda kuomba. Mtume alimuuliza ana nini nyumbani, akaleta tandiko na chombo cha kunywea maji, vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Moja ikanunua chakula cha watu wake, ya pili ikanunua shoka, naye akaambiwa akakate kuni auze kwa siku kumi na tano. Alirudi na dirhamu kumi. (Wapo wanazuoni walioizungumza isnadi yake, lakini maana yake inatiliwa nguvu na hadithi iliyomo katika Bukhari juu ya ubora wa kubeba kuni mgongoni kuliko kuomba.) Tazama mpango ule: chakula cha leo kimetengwa, chombo cha kazi kimepatikana, na wanunuzi wa kuni wapo.

Wataalamu wa uchumi wanaposema msaada wa kukuza sekta binafsi, wanakusudia jambo la namna hiyo. Badala ya kugawa mchele, fedha inaondoa kile kinachomzuia mtu kufanya biashara: hakuna umeme, hakuna mtaji, au hakuna soko.

Hapa kwetu mfano ulio wazi ni umeme. Kabla ya 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ukazinduliwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, karibu kilomita 78, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Norway. Waya ule haukumpa mtu hata senti mkononi. Lakini fundi wa kuchomelea, mwenye mashine ya kusaga na mwenye friji la kuuzia wavuvi barafu wakaweza kupanga kazi ya kesho. Na Norway ikiamua leo kutotoa chochote tena, waya upo pale pale.

Tunalisema hili kwa makusudi, maana visiwani tunajua misaada inavyokatika. Baada ya uchaguzi wa 1995 wafadhili wengi waliizuilia Zanzibar misaada yao, na ikakaa hivyo kwa miaka. 2016 Marekani ilizuia fedha za awamu ya pili za Changamoto za Milenia kwa Tanzania nzima, na sababu mojawapo ilikuwa uchaguzi wetu wa marudio. 2025 shirika lao la USAID likafungwa kabisa. Mkulima wa Konde hakuulizwa katika lolote kati ya hayo.

Soko ni gumu zaidi kuliko umeme. Umoja wa Ulaya umefadhili mradi wa Viungo, uliotekelezwa na People's Development Forum, Community Forests Pemba na TAMWA Zanzibar, na ndani yake imo vanila. Ni zao zuri, lakini lina subira yake: huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, ua moja moja linachavushwa kwa mkono, na ganda likishavunwa linataka miezi ya kukaushwa kwa utaratibu ndipo lipate bei. Mradi wa miaka minne unaweza kufunga ofisi wakati mkulima ndiyo kwanza anavuna. Basi anayeingia aulize siku ya kwanza: nani atanunua, na mkataba wa kuuza umeandikwa kwa jina la nani, la mradi au la wakulima?

Mwani umetufundisha hilo. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar 1989, na sehemu kubwa inatoka Pemba. Kampuni zilitoa kamba na mbegu, na mama akaiuzia kampuni ile ile kwa bei iliyopangwa na mnunuzi. Watoto wamesomeshwa kwa mwani, hatukatai. Lakini mwenye kuamua bei alikuwa upande mmoja, na ndiyo maana Serikali ikaamua kujenga kiwanda cha mwani Chamanangwe.

Sasa vikundi. Utaratibu huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, 1991, kwa ajili ya wanawake. Kwetu uliletwa kwanza vijiji vya jirani na msitu wa Jozani, Unguja, kisha ukaenea hadi Pemba. Mfadhili hatii mtaji. Analipa mkufunzi tu, na fedha ni za wanachama wenyewe, ndani ya sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Ndiyo maana mradi wa Jozani ulipokwisha vikundi viliendelea kuongezeka, vipya vikifundishwa na wanachama wa zamani. Kwa upande wa uchumi, huu kwetu ndio msaada bora kuliko yote.

Tatizo ni ile asilimia anayotozwa mkopaji kila mwezi. Wanasema: riba hii inarudi kwetu wenyewe. Hairudi sawasawa. Mwenye hisa nyingi asiyekopa anapata faida kutokana na haja ya mwenye hisa chache aliyekopa. Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hata ikiitwa ada. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman 1986, liliruhusu kutoza gharama halisi za kuhudumia mkopo, zisizidi hapo: daftari, karatasi, nauli ya mweka hazina. (Jumuiya yenye Baraza hilo Zanzibar iliwahi kujiunga 1992, ikajitoa 1993.)

Kikundi kikitaka faida ya halali, kifanye biashara. Mwanachama anataka cherehani ya shilingi 300,000: kikundi kiinunue kwanza, iwe mikononi mwake, kisha kimuuzie kwa 345,000 za kulipa kidogo kidogo. Bei ikishakubaliwa haiongezwi, hata akichelewa. Au kikundi kitie mtaji katika duka lake na wagawane faida kwa fungu lililokubaliwa mwanzo. Hasara ya mtaji ikitokea bila ya uzembe wake, ni ya kikundi.

Waliokwisha kugawana miaka iliyopita bila ya kujua hukumu, yaliyopita yamepita, kwa dhahiri ya aya ya 275 ya Suratul-Baqara. Kilichomo sandukuni sasa ni jambo jingine: kila mmoja achukue mtaji wake, na ziada warudishiwe waliotozwa. Majina yao na viwango vyao vimo daftarini.