Kuunga au Kununua: Somo la Ekseli Iliyokatika



Mtakumbuka kwamba mwezi Oktoba mwaka 2024 jiji letu la Arusha lilijaa Land Rover, zilizokuja kwa tamasha la magari hayo. Zilikuwapo mpya na kuukuu, nyingine zimepakwa rangi hata zinamulika. Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Lakini mwenye gari kuukuu anajua kwamba rangi haibebi gurudumu. Kinachobeba gurudumu na kulizungusha kiko chini, kwenye matope na grisi, na huko ndiko ninakotaka tuchungulie juma hili.

Mimi mwenyewe ninayo Land Rover fupi, Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Nyumbani kwake ni hapa Levolosi. Siku za soko humsaidia jirani yangu, mama anayeuza mboga Kilombero, kuteremsha mzigo wake kutoka miinuko ya Meru.

Siku moja ya masika tulikuwa tunapanda njia ya Ilboru. Tukasikia mlio mmoja tu: ta! Injini ikanguruma, gari halisogei. Nikakanyaga breki, nikavuta breki ya mkono, nikaachia mguu ili nishuke nitazame. Gari likaanza kurudi nyuma! Na huko nyuma walikuwa wanafunzi wanatoka shule. Nikakanyaga breki tena kwa nguvu zangu zote, kijana mmoja akawahi kusukumia jiwe chini ya gurudumu. Yule mama hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Kwa nini breki ya mkono haikushika? Katika magari mengi breki ya mkono hubana magurudumu yenyewe. Katika Land Rover za zamani hubana mtambo nyuma ya gia, pale propela inapoanzia. Kutoka hapo nguvu hupita kwenye propela, huingia kwenye difu, kisha hufika magurudumuni kwa njia ya vyuma viwili virefu, kimoja kila upande. Hivyo ndivyo mafundi wetu wanavyoviita ekseli. Ekseli moja ya nyuma ikikatika, mnyororo huo umekatika: injini haiwezi kusukuma magurudumu ya nyuma, na breki ya mkono nayo haiwezi kuyazuia. Kilichotuokoa ni breki ya mguu, ambayo hubana magurudumu moja kwa moja. Nilipoingiza gia ya magurudumu yote manne, magurudumu ya mbele yalipata nguvu, tukarudi nyumbani polepole.

Asubuhi nilikwenda gereji. Fundi kijana akanitazama, akasema, "Mzee, hii tunaichomelea, jioni unaondoka." Bei aliyotaja ilikuwa theluthi ya bei ya ekseli nyingine. Wasikilizaji wangu, mfuko una sauti kubwa kuliko akili. Nikakubali. Baada ya majuma matatu ekseli ilikatika tena, palepale pembeni ya kiungo, na safari hii kipande cha chuma kiliingia ndani ya difu kikang'oa meno. Kwa hiyo nilinunua ekseli niliyoikwepa, pamoja na meno ya difu ambayo hayakuwa na ubovu wowote.

Kosa halikuwa la mkono wa fundi. Ekseli hupikwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo, ili ngozi yake iwe ngumu na iweze kusokotwa na injini bila kukatika. Moto wa kuchomelea huvuruga upishi huo. Kiungo kinaweza kupendeza kwa macho, lakini chuma kilicho jirani nacho hakina tena nguvu yake ya kiwandani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini niliyojifunza ni kwamba kabla ya kuziba ufa, uliza kwanza ufa huo uko kwenye kitu gani. Mimi sasa huuliza maswali matatu. Sehemu hii inabeba nini? Ikivunjika nitapata onyo au sitapata? Na ikivunjika itaharibu nini kingine, au nani?

Chukueni beringi za habu. Piga jeki gari likiwa mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu mengine, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, usikimbilie dukani. Katika Land Rover hizi beringi hukazwa kwa nati, na pengine nati imelegea tu. Hapo dawa ni kukaza kwa kipimo na kutia grisi. Lakini zungusha gurudumu usikilize. Likinguruma, au habu ya upande mmoja ikiwa ya moto kuliko ya pili baada ya safari, beringi imekwisha. Nunua mpya pamoja na kikombe chake, kwa maana beringi mpya ndani ya kikombe kilichochimbika haidumu.

Sili inayovujisha oili ni kitu kidogo, lakini usiiahirishe. Oili hiyo hufika kwenye breki, na breki yenye oili haishiki.

Ganda la difu ni habari nyingine. Ni kubwa, ni ghali, na likiwa na ufa mdogo fundi hodari anaweza kulichomelea vizuri. Likiwa limepinda, yaani linakata ekseli za upande uleule kila mara au linakula tairi upande mmoja, kila kipya utakachokitia humo kitakufa kabla ya wakati wake. Hapo tafuta difu zima kutoka gari lililovunjwa.

Lakini jihadharini! Difu za Series huzungusha propela mara 4.7 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, za One Ten na Defender mara 3.54. Ukifunga ya Defender nyuma na kuacha ya Series mbele, siku utakayoingiza gia ya magurudumu manne mbele na nyuma vitavutana mpaka kimoja kivunjike. Fungua, hesabu meno, ndipo ulipe.

Na wenye pikapu wasidhani hayo ni ya Land Rover peke yake. Kwao jambo ni zito zaidi. Katika Land Rover gurudumu limeshikwa na habu, ekseli ikikatika gurudumu linabaki mahali pake. Katika pikapu nyingi ndogo ekseli yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu. Ikikatika, gurudumu linaweza kuchomoka na kwenda zake.

Mwishowe nilinunua ekseli mbili, kwa sababu ile nzima nayo ilikuwa na umri uleule wa ile iliyokatika. Nzima nimeifunga gunia, inakaa nyuma ya kiti kama akiba ya njiani.

Siku ya soko iliyofuata yule mama alisimama mlangoni mwa gari, matenga yake chini, hajapandisha hata moja. Akaniuliza, "Baba, safari hii umeunga au umenunua?"

Nikamwambia nimenunua. Akaanza kupakia.