Mazoezi ni dawa, lakini usiinywe kwa pupa

Hebu, msomaji, hesabu saa unazokaa kitako kwa siku moja. Asubuhi unakaa ndani ya matatu, labda saa nzima kwa sababu ya msongamano. Ofisini unakaa tena hadi jioni, na chakula cha mchana unakila papo hapo mezani. Jioni ni matatu tena, kisha kochi, runinga na kitanda. Ukijumlisha, utakuta kwamba miguu yako imefanya kazi kwa muda usiozidi nusu saa.

Mwili unaoishi hivyo kwa miaka 20 haulalamiki. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana mwenyewe hudhani ni mzima kama kigongo.

Mwezi mmoja wa Desemba, alinijia kliniki asubuhi na mapema mwanamume wa miaka 49, karani hapa Nairobi. Alikuwa ameteremka kutoka kwa basi la usiku. Siku iliyotangulia alikuwa nyumbani kwao Kakamega kwenye arusi ya mpwa wake. Ngoma za isukuti zilipoanza kulia, damu ya ujana ilimwamka, akavua koti na kuingia uwanjani. Alicheza karibu saa moja bila kupumzika. Kisha akahisi kifua kimebanwa kama aliyewekewa jiwe, jasho baridi likamtoka, na maumivu yakamshuka mkono wa kushoto.

Jamaa zake walimpenda, nao walimsaidia kwa kadiri ya ujuzi wao. Walisema ni gesi, wakampa soda na kumsugua kifua kwa dawa ya kuchua. Alipopata nafuu kidogo, akapanda basi kurudi kazini. Nilipompima, sehemu ya msuli wa moyo wake ilikuwa tayari imekufa kwa kukosa damu. Yu hai hadi leo, lakini ili afike orofa ya pili, hupumzika mara mbili njiani.

Ngoma haikuwa na kosa lolote. Makosa yalikuwa mawili: mwili haukuwa umetayarishwa, na waliokuwa karibu hawakuitambua dalili ya hatari. Leo nitayaeleza yote mawili.

Kwa nini mwili hushtuka

Moyo ni msuli. Kama msuli wa mkono wa mkulima, ukitumiwa kila siku hupata nguvu, nao hupiga polepole lakini kwa kusukuma damu nyingi kila pigo. Moyo wa mtu asiyefanya mazoezi hulazimika kupiga mbio hata kwa kazi ndogo.

Zaidi ya hayo, mishipa inayoupelekea moyo damu huweza kuzibwa kidogo kidogo na mafuta, hasa kwa wavutaji sigara na wenye shinikizo la damu au kisukari. Mtu akiwa ameketi, damu inayopita huenda ikatosha. Akianza ghafla kuruka na kukimbia, moyo hudai damu zaidi, na mishipa myembamba haiwezi kuitoa. Wakati mwingine utando wa mafuta ndani ya mshipa hupasuka, damu ikaganda hapo, na njia ikafungwa kabisa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Usiseme basi kwamba dawa ni kuendelea kuketi! Anayefanya mazoezi kwa kawaida ana hatari ndogo zaidi ya kupatwa na haya kuliko asiyefanya.

Kiasi gani kinatosha?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150. Pia inafaa kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Utajuaje kwamba mazoezi ni ya wastani? Kipimo ni rahisi. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko mahali panapofaa. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, umeingia katika mazoezi mazito. Punguza mwendo kama wewe ni mwanagenzi.

Anza na dakika 10 kwa siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha ongeza dakika 5 kila wiki. Huna haja ya kulipia ukumbi. Ukitokea upande wa Lang'ata, shuka Nyayo Stadium utembee hadi katikati ya jiji. Kazini, iache lifti utumie ngazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ikiwa umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, au una shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au maumivu ya kifua, muone daktari kwanza. Kupimwa shinikizo la damu huchukua dakika chache tu.

Ngoma zetu ni mazoezi

Wako wanaochukia kukimbia lakini hawachoki kucheza. Hao wana bahati, kwani ngoma za kienyeji hutumia mwili mzima. Mwomboko wa Wakikuyu, unaochezwa na wawili wawili kwa kinanda cha akodioni, una hatua za taratibu na kukunja magoti. Unawafaa wazee na wanaoanza. Sengenya ya pwani huufanyisha kazi mwili kwa mdundo usiokatika.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho ni nzito zaidi. Ngoma zake huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo husindikizwa na pembe na njuga za chuma, na mabega na kiuno havipumziki. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa vijana wanaoirithi wanapungua. Basi ukiifundisha nyumbani, utaokoa mawili: turathi na moyo wako.

Lakini usiingie uwanjani ukiwa baridi. Tembea na kuzungusha mabega kwa dakika 5 hadi 10 kwanza. Pumzika kila baada ya nyimbo chache, kunywa maji, na usiache ghafla. Punguza mwendo polepole hadi pumzi irudi. Usicheze baada ya kushiba sana au kulewa.

Ukitoka nje ya mji

Wengi sasa hupanda Milima ya Ngong au kutembea Msitu wa Karura siku za mapumziko. Ni jambo jema. Kumbuka tu kwamba kilele cha Ngong kina urefu wa mita 2,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Upepo ni mkali na jua huchoma hata kukiwa na baridi. Enda na wenzako, mwambie mtu wa nyumbani njia mtakayofuata na saa mtakayorudi, chaji simu, na ubebe maji, koti na kofia. Vaa viatu vilivyofunika mguu. Radi ikinguruma, teremkeni upesi kutoka mgongo wa mlima, wala msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Huduma ya kwanza

Mambo manne yafuatayo, yakate uyabandike ukutani.

Kifundo cha mguu kikiteguka: Usikikande kwa maji moto wala kukichua siku mbili za kwanza, maana joto huongeza uvimbe. Pumzika, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, funga bandeji isiyobana sana, na uinue mguu. Usipoweza kupiga hatua nne, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Huenda mfupa umevunjika.

Kuumwa na nyoka: Bafe hulala kimya njiani na hahami anapokaribiwa. Akikuuma, usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba, wala usipoteze saa kwa jiwe jeusi. Vua pete, saa na kiatu kabla ya uvimbe. Tulia, usikisogeze kiungo kilichoumwa, na ubebwe haraka hadi hospitali. Usijaribu kumkamata nyoka.

Maumivu ya kifua: Yakibana kwa dakika kadhaa, hasa yakienda mkononi, shingoni au taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, usiseme ni gesi. Mketishe mgonjwa, usimwache atembee. Akiwa si mtu anayedhuriwa na aspirini wala havuji damu tumboni, atafune aspirini ya miligramu 300. Piga 999 au 112. Ambulensi ikichelewa, tafuta gari lolote litakalompeleka hospitali iliyo karibu. Kila dakika inayopita, msuli wa moyo unakufa.

Mtu akizirai kabisa: Asipoitika na asipopumua kama kawaida, au akikoroma kwa kutwetatweta tu, moyo wake huenda umesimama. Mmoja aite msaada. Wewe mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, na ubonyeze kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kiache kifua kiinuke kila mara. Usikome hadi msaada ufike au apumue. Usiogope kukosea, asiyeguswa hana nafasi kabisa. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha mambo haya, na mafunzo ya siku chache yanatosha kumwokoa jirani.

Yule karani hakuacha ngoma. Nilimruhusu kurudi pole pole, na sasa huanza na matembezi ya asubuhi. Wakati wa arusi hukaa karibu na wapigaji, akipiga makofi na kuinuka kwa wimbo mmoja tu. Jamaa zake nao wamejifunza. Kifua cha mtu kikibana, hakuna tena anayekimbilia soda.

Jumapili hii, kabla hujafungua runinga, vaa raba utembee dakika 10. Jumatatu, pitia kliniki iliyo karibu upimwe shinikizo la damu.