Stelingi Hafi: Sinema za Uchuuzi na Msimulizi wa Vibanda vya Video vya Eastlands

1. Utangulizi

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Jericho hadi Mathare, Dandora na Kayole, upo msemo mmoja wa watazamaji wa sinema: stelingi hafi. Stelingi ni mhusika mkuu. Neno lenyewe limetoholewa kutokana na neno la Kiingereza liandikwalo mbele ya jina la mwigizaji katika matangazo ya filamu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msemo huo, mfupi kama ulivyo, umebeba kanuni nzima ya aina moja ya sinema, na kwamba kanuni hiyo haina budi kupimwa mahali ambapo kifo cha kijana si maigizo.

2. Jambo zito kama chambo

Sinema za uchuuzi ni zile zinazotengenezwa haraka, aghalabu kwa gharama ndogo, na kuuzwa kwa damu, uchi, hofu, au jambo ambalo bado lina moto midomoni mwa watu. Jambo zito la jamii huwa ndiyo chambo, na msisimko ndiyo ndoana. Nchini Marekani, baada ya mafanikio ya Sweet Sweetback's Baadasssss Song ya Melvin Van Peebles mwaka 1971, makampuni makubwa nayo yaliifuata biashara hiyo. Filamu ya Shaft in Africa (1973), iliyopigwa kwa sehemu nchini Ethiopia, ilishughulikia biashara ya kuwasafirisha Waafrika kwa magendo wakafanye kazi Ufaransa. Suala lilikuwa la kweli. Lakini suluhisho lake likawa ngumi na bastola za mtu mmoja.

Mfano wa karibu zaidi ni Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel, iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Amin kupinduliwa. Mkenya Joseph Olita aliigiza nafasi ya Amin kwa nguvu nyingi. Filamu hiyo yagusa kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na tukio la Entebbe la mwaka 1976, mambo ambayo kwa majirani wa Uganda hayakuwa hadithi. Hata hivyo, uzito wote umewekwa juu ya mtu mmoja na maajabu ya ukatili wake, hata uvumi wa kula nyama ya watu. Mtazamaji hutoka akimkumbuka dikteta. Waliokufa hubaki umati.

Hapo ndipo ilipo maana ya ule msemo. Ikiwa stelingi hafi, basi wanaokufa ni wengine daima, na hao wengine hawana jina.

3. Msimulizi na uwezo wake

Lakini katika vibanda vya video filamu haifiki peke yake. Kati ya picha na mtazamaji husimama msimulizi. Nchini Kenya ajulikanaye zaidi ni DJ Afro, ambaye husimulia filamu za Marekani, Uhindi na Uchina kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Uganda inao wasimulizi wa Kiganda waitwao mavijei. Desturi yenyewe ina historia ndefu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa kikoloni wa sinema ya elimu ulizunguka Afrika Mashariki na picha zilizoelezwa kwa lugha za wenyeji. Tofauti ni kwamba mfasiri wa wakati ule alibeba funzo la serikali, ilhali msimulizi wa leo hakutumwa na mtu.

Msimulizi hafasiri neno kwa neno. Kama fanani wa ngano, huwapa wahusika majina mapya, hutoa hukumu, na huruka asichokitaka. Katika kila moja ya matendo hayo huwamo uamuzi wa kimaadili. Chukua tukio la askari kumpiga risasi mtu aliyekwisha kuinua mikono. Msimulizi aweza kumwita muuaji karao, afisa au stelingi. Aweza kumwita anayeanguka mwizi, adui, kijana, au mtoto wa watu. Picha haikubadilika hata chembe, lakini "adui ameanguka" ni ushindi, na "mtoto wa watu ameanguka" ni msiba.

Mwaka 2017 Kituo cha Haki za Jamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu mauaji yafanywayo na polisi mtaani humo, na anwani yake ilitaja wazi kuzoeleka kwa mauaji hayo. Mazoea hayo hujengwa pia kwa lugha. Kicheko kinachofuata kila maiti kwenye kioo chaweza kuyaongeza. Vilevile, neno moja la msimulizi, likimpa marehemu mama na nyumbani, laweza kuyavunja kwa namna ambayo mwongozaji wa filamu hakuikusudia.

4. Hitimisho

Wapo wanaoyaona masimulizi haya kuwa uharibifu wa Kiswahili, na wapo wanaoyasifu kwa kuwa yanachekesha. Pande zote mbili zimesimama kwenye msamiati. Swali zito ni la maana: ni nani anayepewa jina, na ni nani anayekufa bila jina? Anayekagua picha pasipo kusikia maneno ya msimulizi amekagua nusu ya kazi. Yafaa idara za lugha zikusanye masimulizi haya, ziyanukuu kwa makini na kuyachunguza kama zichunguzavyo ngano na tendi, kabla santuri hazijachakaa. Kwa maana msemo wa watazamaji ni kweli kwenye kioo tu. Nje ya kibanda, kila anayekufa alikuwa stelingi wa nyumba fulani.